Pipa la Bi Saliha

Bi Saliha hajawahi kupanda boti ya uokoaji hata mara moja, na ukimuuliza atakwambia hana haja nayo. Kazi yake ni majaketi. Kila Alkhamisi, akishasali alasiri, hufungua banda la kituo cha kujitolea pale Sur, mji wa pwani ya Oman, akashusha majaketi kumi na mawili ya kuokolea, akayakagua mshono kwa mshono. Kisha huchagua moja, akalifunga jiwe la kilo saba na kulitia ndani ya pipa la maji ya bahari. Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, yeye huja kulitazama. Likiwa bado linaelea na jiwe lake, hurudi msumarini. Likizama, hulichana kwa mkasi palepale lisije likavaliwa na mwanaadamu.

Vijana wa kituo humtania kwamba anafuga jiwe. Yeye huwaacha wacheke. Anayecheka hajapata kumzika mtu.

Yeye alimzika mdogo wake, Ussi. Wawili hao waliletwa Oman na mama yao kutoka Unguja wangali watoto, na Ussi akalelewa na dada yake zaidi kuliko na mama. Kituo kilipoanzishwa, mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, walikuwa watu saba, boti moja ya kuazima na tochi mbili, na jina la kwanza kwenye daftari lilikuwa la Ussi. Mwaka wa nne akatoka kuwafuata wavuvi waliopinduka, wimbi likamrusha majini. Alikuwa amevaa jaketi. Walimpata siku ya pili, bado kalivaa.

Wanaume wakamwosha maiti, nguo zake wakampa Saliha azifue. Lile jaketi lilikuwa zito hata akashindwa kulinyanyua kwenye beseni peke yake. Akachukua mkasi akalipasua. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji la godoro, na kimoja bado kimegandwa na kitambaa cha maua, kama cha magodoro ya mabwenini. Mtu mmoja, mahali fulani, alikata godoro, akalishonea kitambaa cha rangi ya chungwa, akaliuza liwe roho ya mtu.

Majaketi yale yaliletwa na Marhoun, aliyekuwa mtunza ghala. Saliha akamchukulia lile jaketi mpaka barazani kwake. Marhoun alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, maana Ussi alikuwa sahibu yake. Akalia, kisha akasema, "Bi Saliha, tumsitiri marehemu, na sisi tujisitiri. Watu wakijua, nani atajitolea tena? Kituo kitakufa. Mimi nitayachoma yote yaliyobaki, wallahi, hapana atakayevaa tena."

Akayachoma kweli, na Saliha akanyamaza. Sitara ni jambo kubwa kwa watu wetu. Aibu ya nyumba hufunikwa, na aliyefunika husifiwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo nalo ni neno la watu wetu, ila hatulitaji tunapokuwa tunafunika. Saliha akaenda kununua pipa. Miaka ishirini na mbili amekuwa akilitia maji pipa lile na kulinyamazia lile alilolijua, na alijiona kama kwamba amelipa.

Mwaka huu Marhoun, ambaye sasa ni mwenyekiti, amejenga ukumbi wa historia ya kituo. Kuna picha ukutani, daftari la kwanza, nanga ndogo ya boti ile ya kuazima, na kabati kubwa la vioo. Ndani ya kabati akayatundika majaketi ya Bi Saliha, yote kumi na mawili, yaliyofifia na kutiwa viraka, akafunga kwa ufunguo na ufunguo akautia mfukoni. Bandani akaleta mapya, ya rangi moja, jina la kituo limeandikwa mgongoni kwa herufi za kung'aa.

"Hayo mapya nipe niyatie pipani," alisema Saliha.

"Yana cheti, Bi Saliha. Mgeni rasmi anakuja Jumamosi, vijana waonekane nadhifu." Akachukua jaketi moja akalitupa ndani ya pipa. Likaelea. "Umeona? Khalas."

Aliona. La sponji huelea mwanzo. Mwongo naye huanza kwa salamu nzuri.

Siku ileile alisoma kadi zilizobandikwa chini ya picha. Mwandishi wake alikuwa Lamya, binti wa Ussi, anayefanya kazi kwenye kituo cha wageni wanaokuja kutazama kasa Ras al Jinz, ndiyo maana kazi ya kadi akapewa yeye. Chini ya picha ya baba yake aliandika: *Ussi bin Musa. Alizidiwa na bahari.*

"Nani kakwambia bahari ilimzidi?" Saliha aliuliza.

"Ammi Marhoun, shangazi. Si ndivyo?"

Lamya alikuwa na miaka mitatu baba yake alipokufa. Saliha akatoka nje. Hasira alizokuwa nazo hakujua azielekeze wapi, maana nusu yake zilikuwa zinamrudia mwenyewe.

Jumatano, adhuhuri imekwisha kusaliwa, simu ikaja kituoni: boti ya uvuvi imepinduka upande wa Aija, watu watatu majini, upepo mkali. Saliha alikuwapo, amekuja kutazama mishono ya hayo mapya. Nahodha Hamoud, kijana aliyezaliwa hapahapa Sur, akaingia mbio na wenzake watatu wakanyoosha mikono misumarini.

"Msivae hayo," alisema Saliha.

"Bibi, jaketi hii iko sawa, watu wanakufa kule."

"Nimekwambia usivae. Yale yangu yako wapi?"

"Kwenye kabati. Ufunguo iko na Sheikh Marhoun, yeye ameenda harusi Ibra."

Ibra ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa gari. Saliha aliingia ukumbini, akaichukua ile nanga juu ya meza yake yenye kitambaa cha mahameli, akaipiga kwenye kabati. Kioo cha kwanza kilipasuka, cha pili kikamwagika chote sakafuni. Akayang'oa majaketi, moja, mawili, matatu, manne, akawarushia. La Hamoud lilikuwa na kadi iliyofungwa kifuani kwa uzi: *Jaketi la zamani.* Akatoka nalo hivyohivyo.

Boti ilipoondoka, Saliha akachukua moja la yale mapya, akalifunga jiwe, akalitia pipani. Akavuta kiti, akakaa na saa yake ya mkono. Mkono ulikuwa unatoka damu kidogo, akaufunga kwa ncha ya mtandio. Dakika ya kumi jaketi lilikuwa linaelea. Ya kumi na tano limeanza kulala upande. Dakika ya ishirini na mbili halikuonekana tena, na maji ya pipa yakatulia juu yake.

Alikaa akiyatazama maji yale. Hakulia. Alitukana, Bi Saliha ambaye hajapata kusikika akitukana, akamtukana mshonaji na muuzaji na mwenye cheti, na Marhoun, na Saliha binti Musa.

Vijana walirudi karibu na alasiri na wale wavuvi watatu, wote hai. Hamoud alikuwa ametota mpaka nywele. Wimbi lilimtoa kwenye boti, na wenzake walikuwa na watu wawili wa kuwavuta kwanza. Alikaa majini dakika arubaini. Alilitazama pipa, akaingiza mkono, akavuta ile kamba ikakataa kuja. Akavuta tena kwa mikono miwili. Kisha akachuchumaa chini kando ya pipa, ile kadi iliyolowa bado inaning'inia kifuani.

Marhoun alifika na kilemba chake cha harusi. Aliviona vioo kwanza.

"Bi Saliha, nini hiki? Jumamosi wageni, na wewe unanivunjia?"

"Tazama pipani."

Akatazama. Uso ulimbadilika, na kwa kitambo alikuwa tena yule kijana aliyelia barazani. Akasema kwa sauti ya chini, "Sikujua. Wallahi sikujua. Nitayachoma leo hii yote. Kioo tutasema kimevunjwa na upepo. Alhamdulillahi hakufa mtu, Bi Saliha. Tusitiri."

"Ulisema hivyohivyo mara ya kwanza."

"Na kituo kikaishi. Watu wangapi wameokolewa tangu siku ile? Kwa sababu mimi na wewe tulinyamaza."

"Na wewe ukasahau, kwa sababu mimi na wewe tulinyamaza," alisema Saliha. "Huchomi hata moja."

Jioni ile alimwita Lamya ukumbini. Akamweleza yote, kuanzia beseni mpaka kitambaa cha maua, bila ya kupunguza. Kisha akampa kadi nyeupe na kalamu, maana mwandiko wake mwenyewe ni mbaya, na akamtajia maneno. Lamya akaandika kwa Kiarabu, na chini yake kwa Kiswahili: *Jaketi kama hili ndilo lililomzamisha Ussi bin Musa. Yaliletwa na Marhoun, mwaka wa elfu mbili na mbili, na akayaleta tena mwaka huu.* Akaichomeka kalamu kifuniko.

"Hujamaliza," alisema Saliha. "Andika: Saliha, dada yake, alijua. Akanyamaza miaka ishirini na mbili."

Lamya akafungua kalamu, akaandika. Kisha akachukua mkoba wake akatoka bila ya kumbusu shangazi yake kichwani, busu ambalo hakupata kuliacha tangu aanze kutembea. Saliha hakumwita. Hakuwa na haki ya kumwita.

Jumamosi majaketi ya zamani yalikuwa bandani, yamefuliwa chumvi, yako misumarini. Kabatini, pasipo na kioo, yalining'inia yale mapya kumi na moja yenye herufi za kung'aa, na la kumi na mbili limechanwa tumbo, sponji nje. Chini yake kadi. Wageni walikuja wakasoma, wakanong'ona, wakasoma tena. Lamya alikuwapo tangu asubuhi. Hakumwamkia shangazi yake wala hakumtazama. Alisimama kando ya kabati, mikono kifuani.

Mgeni rasmi alipokuwa anateremka garini, Marhoun aliingia ukumbini haraka akanyoosha mkono kuibandua ile kadi.

"Ammi Marhoun," alisema Lamya, "usiiguse."