Goti Langu Lilimfukuza Shangazi

Nilikosa mimi. Sitaki kuzunguka mbuyu kwanza ndipo niseme, maana nimeshazunguka vya kutosha. Mhariri, jina langu baki nalo mwenyewe. Watakaonitambua kwa mpira wanitambue, basi.

Mimi ni kiungo. Nimelelewa na shangazi yangu, dada wa baba, katika kijiji kimoja upande wa Kolandoto. Mama alifariki kabla sijajua kutembea, na shangazi alikuwa mjane ambaye watoto wake wote hawakukua. Akanichukua nyumbani kwake, palepale kwenye boma la baba. Nikirudi kuchunga ng'ombe nimeumia miguu kwa mpira wa makaratasi, alikuwa akinikanda kwa samli huku akinigombeza.

Niliposajiliwa na timu moja ya Geita, mkataba wangu wa kwanza, kijiji kizima kilijiona kimesajiliwa. Nilianzia benchi, nikawa naingia dakika za mwisho, halafu kocha akaanza kunipanga. "Dogo, wewe una macho kisogoni," alikuwa akiniambia. Kichwa kikavimba. Sasa mkataba ulikataza kabisa kucheza mechi za mtaani, hasa zile ndondo za machimboni, na kocha alishamtimua mwenzetu mmoja kwa kosa hilohilo.

Na mimi nikaenda! Kulikuwa na mwenye duara mmoja wa Mwakitolyo, yaani mtu mwenye shimo lake la dhahabu, ambaye timu yake ilikuwa imefika fainali. Hakunilazimisha. Alinisifia tu kwenye simu, akasema bila mimi hakuna mpira Shinyanga nzima, na mimi nikaamini. Nikamuaga kocha kwamba shangazi anaumwa. Nikapanda basi, nikavaa jezi yenye jina la mtu mwingine.

Uwanja wenyewe ulikuwa kifusi cha mawe yaliyotolewa mashimoni. Kipindi cha pili niligeuka na mpira, mguu ukabaki, mwili ukaenda. Hakuna aliyenigusa.

Nilifika nyumbani jioni kwa bodaboda, nachechemea. Baba alikuwa bado mnadani. Nikamsalimia shangazi kwa Kisukuma na kumwita mama, "Mwadila, mayu." Alikuwa anatazama goti. Nikamweleza kila kitu, kwa sababu yeye sikuwahi kumficha neno. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote, hata baba, maana baba akishakunywa ulimi wake hauna mlango, na kocha akisikia nimekwisha.

"Nani ataniuliza mimi, ng'wanone, mwanangu?" akasema.

Akachemsha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, tukala na karanga. Akayeyusha samli, akanikanda mpaka nikasinzia palepale.

Asubuhi goti lilikuwa kama mtungi. Baba akaja kunijulia hali, akauliza kumetokea nini. Ndugu yangu unayesoma, ni hapo. Nilisema: "Sijui, baba. Jana nilikuwa mzima, nimeamka liko hivi."

Kwetu goti la mchezaji halivimbi lenyewe. Baba akauliza nilikula kwa nani. Nikasema kwa shangazi. Akauliza nani aliligusa hilo goti. Nikasema shangazi. Hayo mawili yalikuwa kweli, na ndiyo yaliyoupa uongo wangu miguu ya kutembea.

Watu wakaanza kukumbushana kwamba macho yake ni mekundu, kama ya mchawi. Ni mekundu kwa moshi wa kupikia samadi, na hakuna asiyejua hilo! Wakakumbushana kwamba watoto wake walikufa wote. Mganga aliyeitwa hakuhitaji hata kutaja jina. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakaitisha kikao mbele ya zizi letu. Mimi nikakalishwa katikati, mguu juu ya kigoda, ili kila mtu aone.

Mzee wao akamuuliza shangazi, "Mtoto huyu umemfanya nini?"

Alinitazama. Angetaja Mwakitolyo tu, kikao kingekwisha na kila mtu angerudi shambani kwake. Mimi nilijua, naye alijua. Nikainamisha kichwa.

"Nilimpaka samli," akasema. "Goti lilikuwa linamuuma."

"Basi?"

"Basi."

Wakamtenga. Ukitengwa kwetu husalimiwi, hupewi moto, huteki maji kisimani, na anayekusemesha anatengwa pamoja nawe. Siku iliyofuata alipita mbele yangu akiwa na ndoo tupu. Nikageuza uso. Hapakuwa na mtu yeyote wa kutuona, ningeweza kumsalimia, lakini niligeuza uso. Naweza kusahau mengine yote, hilo silisahau.

Vijana walipoanza kuipiga mawe nyumba yake, alifunga vitu vyake kwenye kitenge, akachukua kuku mmoja, akaondoka kwa miguu. Nilirudi Geita. Daktari wa timu akasema nimevuta mshipa, nipumzike. Nikapumzika, nikapona. Na kule kijijini kupona kwangu kukawa ushahidi. "Si mmeona?" baba akawa anawaambia watu. "Ameondoka tu, goti limepona."

Nikarudi uwanjani, lakini sikurudi mzima. Kiungo hupokea mpira akiwa tayari anajua anaupeleka wapi. Mimi nikiinua kichwa namwona mwanamke mwenye ndoo amesimama karibu na kibendera cha kona. Naurudisha mpira nyuma, mashabiki wanazomea. Yule anayetukanda misuli akinigusa goti natetemeka, wenzangu wanacheka. Wanadhani nasikia kitekenyo.

Nilimtafuta hadi nikampata. Masista wa kanisa moja walikuwa wamempokea kwenye nyumba yao ya wazee waliotelekezwa. Alikuwa haoni tena, akanitambua kwa sauti. Nilipoanza kulia alinivuta karibu, akaninong'oneza kama mtu anayeogopa kusikiwa, "Kocha hajajua?"

"Hajajua, mayu."

"Basi usiseme. Wewe cheza."

Na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilitoka pale moyo mwepesi, nikijiambia ligi ikiisha nitamfuata nimpeleke nyumbani. Hakuisubiri ligi. Walimzika masista, bila hata mtu mmoja wa ukoo wake kutia udongo.

Nilienda kwa baba nikamweleza ukweli wote. Aliokota kijiti, akakivunjavunja.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza," akasema. "Sungusungu niliwaita mimi."

Tangu hapo hatujazungumza habari hiyo. Nyumba ya shangazi imeanguka, wamepanda mtama. Mimi bado nacheza, nusu ya msimu nipo benchi, na sistahili hata hilo benchi.

Kijana mwenzangu, ukiumia sema umeumia wapi. Timu ikikufukuza utapata nyingine, au utalima. Na ninyi wazee mnaokaa vikao, mkimuuliza mama wa watu naye akanyamaza, msidhani amekosa jibu. Mgeukieni kwanza yule mnayedhani ameonewa, mwulizeni alikuwa wapi jana.