Jina Kwenye Fomu ya Fiasili

Fiasili hakuogopa kufa. Alichoogopa ni mazishi yake mwenyewe, na kwa mwanamke wa kijiji kile cha kusini mwa kisiwa cha Upolu, hofu hiyo haikuwa ya kuchekwa hata kidogo.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ya miguu ilikaa barazani, mahali pa kuona barabara na kuonwa nayo. Jumamosi ile angetimiza miaka hamsini na mmoja. Ruta, wakala wa bima mjini Apia, alikuwa amemwambia mapema: ukifikisha umri huo kabla hujatia sahihi, mchango wa kila mwezi unapanda, na unapanda vibaya. Kwa hiyo alikuwa na hadi Ijumaa kuamua bima yake ya maisha iwe ya kiasi gani.

Mungu hakumpa watoto wa tumboni. Alimpa Lusia wa miaka kumi na minne na Mele wa miaka kumi, mabinti wa marehemu kaka yake Siaosi. Mama yao alitangulia, Siaosi akamfuata miaka miwili iliyopita. Siaosi alikuwa na bima, tena nzuri. Wiki ya mazishi ilipokwisha, pesa yote ilikuwa imekwisha: mikeka ya heshima, makasha ya samaki wa kopo, ng'ombe wawili, bahasha za pesa kwa wasemaji waliokuja na wageni, bahasha ya mchungaji. Hadi leo watu wanayasifu mazishi yale. Jumatatu yake mabinti walikuja kwa Fiasili na begi moja na shuka moja. Hakuna aliyeiba, na hilo ndilo lililomuuma, maana hakuwa na wa kumkasirikia.

Mumewe aliitwa Maluafua. Halikuwa jina alilopewa na mama yake. Ni jina la cheo katika ukoo wa Fiasili, na wazee walimpa yeye, mkwe, kwa sababu alihamia kwao, akawatumikia, na zaidi ya yote kwa sababu ya ulimi wake. Tangu hapo alikuwa msemaji wa ukoo, na lile jina la utotoni likakunjwa likawekwa. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa, na hata mkewe hakulitamka.

Jumanne, wakila jioni, alimuuliza bima iwe ya kiasi gani.

"Sitini elfu," Maluafua akasema bila hata kuacha kutafuna.

"Tala elfu sitini! Wewe unanizika mimi au unazika mfalme?"

"Namzika mke wa Maluafua. Chini ya hapo tutachekwa, mama."

"Nitakuwa nimekufa. Nitawasikiaje wakicheka?"

"Mimi nitawasikia," akasema, akajiongezea kipande cha jimbi. Mele akacheka hadi akapaliwa, na Fiasili akampiga mgongoni.

Usiulize kwa nini mwanamke mwenye akili zake alikubali. Alikubali kwa sababu alizaliwa pale. Jumatano asubuhi akapanda basi kwenda Apia, akaketi mbele ya meza ya Ruta, akaandika elfu sitini. Mahali pa mtu atakayelipwa akaandika neno moja: Maluafua.

Ruta aliisoma fomu, akavua miwani.

"Shangazi, Maluafua yupi?"

"Yupi tena? Si mume wangu!"

"Haya. Lakini mimi mwenyewe nawajua watatu. Kuna wa Savai'i, yule mnene. Na kuna yule wa Auckland anayeendesha mashine ya kubebea mizigo."

"Lakini wa pale nyumbani ni mmoja."

"Leo. Mumeo akitangulia, jina atapewa mwingine. Utakuwa umemwachia pesa mtu ambaye hata hujamjua bado." Ruta alisema kwa upole, maana alishazoea. "Kila wiki napata fomu ya namna hii. Watu wanaandika cheo. Cheo hakina tarehe ya kuzaliwa, shangazi."

Fiasili alitaka kucheka. Badala yake akaikumbuka karatasi ya bima ya Siaosi, ile aliyoipigia pasi mwenyewe ilipoloa mvua. Kaka yake naye alikuwa ameandika hivyo hivyo. Pesa ikaja kwa Maluafua, na Maluafua akaipeleka kwenye kazi za Maluafua. Miaka miwili alikuwa anatafuta wa kumkasirikia, na kumbe kila usiku alilala naye kwenye mkeka mmoja.

"Nipe hiyo fomu," akasema. "Nitarudi Ijumaa."

Alhamisi alimkuta mumewe barazani akisokota kamba ya makumbi kwenye paja, kama wasemaji wafanyavyo wanapowaza. Akamweleza yote. Kamba ikasimama.

"Pesa ya Siaosi sikula hata senti," akasema Maluafua.

"Najua."

"Niliipeleka panapostahili. Kila mtu aliona."

"Nimesema najua. Ungekuwa umeila ningekutukana, roho yangu ikatulia." Akaketi karibu naye. "Sikiliza. Siku zote hizi nilikuwa najipimia nguo ya maiti. Mimi, mshonaji mzima! Kumbe watakaoivaa bima hii ni Lusia na Mele."

"Kwa hiyo unataka nini? Nikuzike kwa chai na biskuti?"

"Ndiyo. Chai yenye maziwa, lakini. Tusiwe wachoyo."

Hakucheka. Alikuwa ameumia, na ilionekana. Kazi ya mtu huyu ni kusimama mbele ya wageni na kutangaza kwa sauti kilicholetwa na kitakachorudishwa. Kumwambia asimame mikono mitupu siku ya kumzika mkewe ni kumvua shati hadharani.

"Nitawaambia nini watu, Fiasili?"

"Wewe na maneno mlishawahi kukosana?"

Maluafua akarudia kusokota, polepole, hadi kamba ikafika mwisho wa nyuzi. Ndipo akasema, bila kumtazama: "Ikiingia mkononi mwa Maluafua, itakwenda kule kule. Lazima nikwambie kweli. Ukoo ukija kuniomba, siwezi kukataa. Nikikataa, mimi si Maluafua tena."

Usiku ule Fiasili hakulala vizuri, akiona sare mbili za shule zisizo na mtu wa kuzishona.

Ijumaa asubuhi alimkuta mumewe ameshavaa koti la kanisani juu ya kikoi.

"Unakwenda wapi?"

"Mjini. Au bima hii unakata peke yako?"

Mezani kwa Ruta, Fiasili alipima upya, safari hii kwa miaka. Lusia miaka minne ya shule, Mele minane, chakula, viatu, na jeneza la mbao za kawaida. Ikatoka elfu thelathini na mbili, na mchango wa mwezi ambao cherehani yake ingeumudu. Majina ya watakaolipwa: Lusia na Mele.

"Bado watoto," Ruta akasema. "Anahitajika mtu mzima wa kuwashikia. Mtu, shangazi, siyo cheo. Jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa."

Fiasili akamfikiria mke wa mchungaji, akamfikiria na binamu yake mmoja wa kike aliyeko Auckland. Hakuthubutu kugeuza shingo kumtazama Maluafua. Lakini mkono wa mumewe ulipita mbele yake, ukachukua kalamu. Aliandika herufi moja moja, akakosea ya tatu, akaikata, akaanza tena: Uelese Faamanu.

Ruta akainamia karatasi. "Ndiye nani huyu, mzee?"

"Huyo?" Akaiweka kalamu chini taratibu. "Huyo hana ukoo wa kulisha. Hajawahi kusimama mbele ya wageni. Akija mtu kuomba ng'ombe, mwambieni aende kwa Maluafua, atamkuta hana kitu."

Ruta alicheka. Fiasili alishindwa, machozi yakamtoka pale pale mbele ya wateja, na wala hakuyafuta. Akatia sahihi yake chini ya elfu thelathini na mbili.

Nje jua lilikuwa kali na basi la kusini lilikuwa limeshawasha injini. Maluafua alikuwa amesimama na watu wawili waliomjua, wakimsalimu kwa cheo chake, naye akiwajibu kwa maneno yale marefu ya heshima yasiyokwisha. Fiasili akamngoja, akachoka kungoja.

"Uelese!" akaita. "Uelese, basi linatuacha!"

Wale wawili wakatazamana, hawajui ni nani anayeitwa. Yeye aliacha sentensi katikati, akaja mbio.