Alama ya Mwajuma na barua yangu kali

Leo nimenyamazishwa darasani, tena kwa haki.

Mwajuma, fundi cherehani, alifeli mtihani wangu wa Kiingereza kwa alama moja. Bila cheti hapati kazi ya ukalimani kwa walinda amani.

Kosa lake? Aliandika "the peace". Kifaransa chetu hutaka kijineno kama hicho mbele ya amani, Kiingereza hakitaki.

Leo nikawasomea wanafunzi barua yangu kali ya Kiingereza ya kudai haki, kwa mabalozi wa mtaa wa Kiriri.

Kumbe nami nimeandika "the justice" mara nne, kosa lilelile!

Mwajuma akasimama polepole.

"Mwalimu, mi ulinikata alama. We nani atakukata?"

Darasa zima kicheko.

Mimi, mbishi wa mji huu, nikakubali yaishe.

Jumatatu anarudia mtihani. Nitaufanya pia, na karatasi yangu ataisahihisha yeye.

Mnadhani nitapita?