Siku Niliyowavusha Washenga Wangu Mwenyewe

Mkasa huu nilikusudia kuuficha mpaka kaburini, lakini kwa kuwa wanawake wa mwani wa Chole wameshausimulia mpaka umefika Kirongwe, tena kila mmoja na chumvi yake, naona heri niuandike mwenyewe kama ulivyokuwa, na pale nilipokosa nitasema nilikosa, ambapo ni karibu kila mahali.

Mimi ni mtu wa Baleni, kwetu ni minazi na mihogo, na shule niliishia darasa la saba. Bahari nimeijua ukubwani, binamu yangu Seif aliponichukua nimsaidie kwenye boti yake ya faiba inayovusha watu kutoka Utende kwenda kisiwa cha Chole. Kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kufunga kamba, kufuta viti na kukomba maji. Mara tano (nadhani ni nne, sitaki kuzidisha) aliniachia nishike mashine, tena mahali peupe pasipo na kitu cha kugonga.

Huko Chole ndiko nilikomwona Zuhura, nikapenda, na wazee wangu wakakubali kwenda kuniposea. Mnajua desturi yetu, siku ya posa mposaji hatii mguu ukweni, wanakwenda wazee na mshenga, yeye anabaki nyumbani anang'ata kucha. Mshenga wangu alikuwa Mjomba Athumani, na wa kumsindikiza ni baba mdogo Kombo, mtu asiyesema sana. Basi asubuhi ile Seif, aliyekuwa awavushe, akaamka na homa. Kwa haki yake, alinishauri vizuri kabisa, akasema niwapeleke wazee kwenye mashua ya abiria ya kila siku. Lakini mashua ile hutia nanga kwenye maji ya magoti, watu wanakunja nguo na kuteremka, nami nikawatazama wazee wangu na kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakwaruza, nikaona haya waingie ukweni pindo zinachuruzika. Nikasema nitawavusha mimi, niwashushe gatini wakanyage mbao kavu. Uamuzi wenyewe ni huo tu.

"Na wewe si ndiye mposaji?" akauliza Mjomba.

"Nitajifunga kitambaa usoni, Mjomba. Kule hakuna anayenijua sura ila Zuhura mwenyewe, na sitashuka."

Mjomba akatikisa kichwa, lakini akapanda. (Naandika na hilo la kutikisa kichwa, ni haki yake.)

Njiani tulikwenda vizuri, mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Gati la Chole ni dogo, la mbao, na siku ile palikuwa na boti mbili zimefungwa, katikati nafasi ya boti moja, tena iwe imebana pumzi. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na juu ya gati wanawake wanapanga magunia ya mwani. Seif hupenya pale huku anaongea na simu. Mimi nikaingia kiungwana, mkondo ukanisukuma kando, nikaogopa kuigonga boti ya kushoto, nikatoa gia, kumbe boti ukishaitoa gia haikusikii tena, inakwenda inakotaka yenyewe, basi nikatia rivasi haraka, yaani nilidhani ni rivasi.

Boti ikaruka mbele. Tukaigonga ile ya kushoto ubavuni, gati zima likatikisika.

"Jamani, sogezeni magunia! Huyu hajaja kufunga, kaja kubomoa!" akapiga kelele mama mmoja mnene, Bi Tatu, ambaye baadaye nilijua ndiye mkubwa wao.

"Na kitambaa usoni! Kaona haya kabla hajakosa!" akadakia mwingine.

Sasa nikapata rivasi ya kweli, nikarudi nyuma kwa furaha, nikapita juu ya kamba ya boti ya kulia. Kamba ikajisokota kwenye panga la mashine, mashine ikakohoa, ikazimika, na boti ikageuka ubavu, ikalala pale mlangoni kama mtu aliyekataa kuhama.

Mjomba kwa kutaka tuonekane tumefika kwa heshima alikuwa ameshatia mguu mmoja gatini.

"Mjomba, rudisha mguu!"

"Rudisha boti, wewe!"

Na wote wawili tulikuwa na haki. Boti ikawa inaondoka polepole, mguu mmoja huku, mmoja kule, kanzu ikafika mwisho wa upana wake, ikalia *traa*, na Mjomba akaingia majini. Alizama na kofia yake, lakini wallahi nasema nilichokiona, mkono wa kulia ulibaki juu umeshika barua ya posa iliyofungwa kwenye leso, kavu kama ilivyotoka sandukuni. Bi Tatu akainama akaichukua.

"Barua tumeipokea, mzee. Sasa tupe na wewe mwenyewe." Wakamvuta juu ya gati.

Nilimwona Zuhura nyuma yao, kanga mdomoni, mabega yanatetemeka. Ningependa kuandika kwamba alikuwa analia. Alikuwa anacheka.

Hapo akaja mbio mzee mmoja na kisu, akaruka ndani ya boti. "Nani kakupa chombo wewe?" Akakata kamba, akashika ubavu wa boti ya jirani kwa mikono, akatuvuta ndani taratibu bila kugusa kitu. "Hivi ndivyo. Na hicho kitambaa cha nini, jino?" Nikamtazama Mjomba, Mjomba huku anatema maji akanikodolea macho ya kunyamazisha, nikakaza fundo la kitambaa. Mzee akawageukia wenzangu. "Karibuni, mimi ndiye Bakari. Nadhani nyinyi ndio wageni wangu."

Baba yake Zuhura! Nikataka kubaki na boti, akakataa, akanishika mkono akisema kwake hakuna mgeni anayeachwa juani, hata mbomozi.

Basi nikakaa barazani pembeni, chai mkononi, nasikiliza posa yangu mwenyewe. Mjomba alikuwa amevaa kanzu ya kuazimwa inayomfika magotini, lakini alisema maneno mazuri, kwamba kijana wetu mtulivu, mwangalifu, ana mkono mwepesi wa kazi.

"Yuko wapi sasa?" akauliza Mzee Bakari.

"Yuko Baleni, shambani," akajibu Mjomba, bila kupepesa jicho.

Angejibu vingine vyovyote ningenyamaza. Lakini mtu yule alikuwa ameniingiza gatini kwa mikono yake, na mimi nilikuwa nataka kumchukua binti yake, nikaona siwezi kuanza na uongo uliosemwa mbele yangu. Nikafungua kitambaa.

"Shikamoo, mzee. Mposaji ni mimi."

Baba mdogo Kombo akaweka kikombe chini. Mjomba akafumba macho. Nyuma ya mlango ukatoka mlio kama wa mtu aliyeumwa na siafu, nikajua ni Zuhura. Mzee Bakari akakitazama kitambaa, kisha akanitazama mimi.

"Marahaba," akasema. "Mkono mwepesi nimeuona. Jibu mtaletewa."

Wiki ile sikula vizuri, naapa. Nilijua nimevunja desturi, nimemtosa mshenga wangu baharini kisha nikamfanya mwongo, na ningekuwa mimi ndiye baba wa binti sijui ningesema nini. Jibu likaja kwa kinywa cha Bi Tatu mwenyewe, alivuka makusudi: wamekubali, na Zuhura karidhia, ila siku ya harusi bwana harusi aje kama abiria, akae katikati ya boti, mikono juu ya mapaja, asiguse kitu.

Sharti nimelikubali bila kuliombea hata punguzo, na nimejiapiza sitashika mashine tena mbele ya mkwe. Mjomba Athumani naye amekubali kunisimamia siku hiyo. Ila amesema wazi, yeye atapanda ile mashua ya abiria, na atashuka kwenye maji ya magoti.