Nilimpaka marehemu kaka yangu rangi ya maiti kwa ushauri wa humu ndani

Wakuu, nawasalimu kutoka Kindu. Leo sikuja kwa upole. Nina hasira, na haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Kiswahili changu ni cha Maniema, "ndiyo" kwetu ni "njo", atakayecheka acheke.

Kazi yangu ni kupaka rangi tanki za pikipiki hapa komini ya Kasuku. Ninayo airbrush, ile kalamu inayopuliza rangi kwa upepo, na kompresa niliyoitoa kwenye frigo mbovu.

Nikipata nafasi natengeneza sanamu ndogo za watu, urefu wa kidole, kwa mastiki ya garage, ule udongo wa kuzibia bodi za magari zilizobonyea.

Mama yangu aliniomba moja tu. Kaka yangu Amisi.

Miaka ya vita Amisi alikuwa anasukuma baiskeli, anatoa mchele Kibombo kuleta Kindu. Wenye bunduki wakampiga risasi njiani, akaletwa nyumbani maiti. Nyumba yetu nayo ikachomwa, picha zote zikaishia humo. Sasa mama amezeeka na anaogopa kusahau sura ya mwanawe. Hiyo njo kazi alinipa.

Umbo lilitoka vizuri, mgongo umeinama, mikono kwenye usukani. Rangi njo iliniogopesha, maana kitu kidogo namna ile mwanga hauwezi kukifanyia kivuli cha kutosha. Kivuli unakipaka mwenyewe.

Nikauliza humu.

Mkuu mmoja akajibu kwa kujiamini: puliza nyeusi mwili mzima, kisha chukua kahawia, ongeza nyeupe kidogo kidogo, upulize kutoka juu kama jua. Watu wakamgongea like. Mjinga mimi nikafuata.

Na kuna hili pia linaniudhi. Chupa niliyoagiza Goma imeandikwa "rangi ya ngozi". Nafungua, pinki. Ngozi ya nani? Video za mafunzo nazo ni hivyo hivyo, kana kwamba sisi tulizaliwa bila ngozi.

Tuendelee.

Nikampelekea mama mchana, uani. Akamwangalia muda mrefu.

"Umemupaka rangi ya siku walimuleta," akasema. "Mi nilikuombaka mutoto wangu muzima."

Wakuu, alisema kweli. Nyeupe ndani ya kahawia inaleta majivu. Mabega, pua, mashavu, kila mahali nilipotaka mwanga niliweka kifo. Mama hakula siku ile.

Nikamfuata yule mkuu PM, faraghani: ulishawahi kupaka mtu mweusi? Akajibu hajawahi hata kushika airbrush, aliona mahali.

Aliona mahali. Mama yangu amemlilia mwanawe mara ya pili kwa sababu wewe uliona mahali. Huna haya.

Nikamwosha Amisi kwa spiriti mpaka rangi yote ikatoka. Safari hii mama akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akawa mwalimu. "Hapa kwa mabega jua ilimupigaka sana, ilikuwa nyekundu-nyekundu."

Basi vivuli nikavipuliza kwa kahawia nzito yenye bluu kidogo. Penye mwanga nikaweka kahawia nyekundu, halafu njano ya udongo, rangi nyepesi kama chai, upepo mdogo, tabaka juu ya tabaka. Nyeupe sikuigusa. Macho nikamalizia kwa brashi. Mwisho vanishi ya kung'aa, tone moja kwenye paji la uso, kama jasho.

Haijakauka, mama akamchukua. Akampangusa lile paji kwa kidole gumba, akamwambia Amisi:

"Umechoka, baba. Pumuzika."

Alama ya kidole iko pale mpaka leo na sitaitengeneza.

Nilichojifunza: ngozi yetu haiangaziwi kwa nyeupe, inaangaziwa kwa wekundu na njano. Na kusema "sijui" hakujawahi kuua mtu.

Waliopaka kwa mikono yao, wekeni michanganyiko yenu hapa chini, nitaijaribu yote. Mlioona mahali, someni tu.