Sinia la Mbuzi au Kondoo

Kuna watu wametundika digrii mbili ukutani na hawajui mguu wa mbele unaachana wapi na bega. Pigo Moja hakuwa na cheti hata kimoja. Kile cha darasa la saba kililiwa na panya kwenye sanduku la mama yake. Lakini mpe mbuzi aliyechunwa, geuka upenge kamasi, ukirudi mbuzi yuko mafungu kumi na manne na hakuna mfupa uliopasuka ovyo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu shoka lake halikuwahi kurudi mahali pamoja mara mbili. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia alijipa kabla wao hawajawaza.

Bucha lake lilikuwa chumba kimoja chenye vigae vyeupe mpaka kifuani, ndoano sita, na gogo lililobonyea katikati kama sahani ya wali. Nje kulikuwa na kibao: NYAMA YA MBUZI TU. Sasa, hapo kwenye "tu" ndipo palipokuwa na kaneno.

Watu wa mtaa ule walimdharau kondoo. Walisema ana harufu, walisema ni nyama ya wasio na meno. Tatizo ni kwamba mnadani kondoo walijaa tele na mbuzi wakawa wa kugombaniwa. Basi Pigo Moja akafanya nini? Mkia wa mbuzi husimama na wa kondoo huning'inia, hilo hata wewe unayesoma hapo unalijua, au angalau jifanye unalijua. Akawa anakata mikia kulekule machinjioni. Akapunguza mafuta ya mgongoni. Akatundika. Akipata mbuzi aliuza mbuzi, akikosa aliuza kondoo, na kibao hakikubadilika. Miaka tisa ikapita hivyo. Aliyejua ni mkewe peke yake, na mkewe alikuwa na kifua cha kuweka mambo.

Aliyemtisha zaidi ni mama mkwe. Kila Jumamosi mama huyo alitumiwa kilo mbili, na kila Jumapili alisifia mbele ya majirani. "Mimi ulimi wangu haudanganyiki," alikuwa akisema. "Kondoo akipitishwa tu barabarani, nashikwa na kichefuchefu. Mkwe wangu anajua, ananiletea mbuzi safi." Katika hizo kilo mbili za kila wiki, kwa miaka tisa, sijui kama mbuzi watatu walipita.

Siku moja mkewe akarudi na karatasi iliyobandikwa sokoni. Siku ya Mambo ya Kale, ukumbi wa jamii, Jumapili mchana. Njooni muone watu wa bonde letu walivyoishi miaka elfu tatu iliyopita. Kiingilio bure.

"Elfu tatu?" Pigo Moja akauliza. "Nani alikuwa anahesabu?"

"Twende ukawaulize. Mama naye anakuja."

"Kuna chakula?"

"Kuna mawe, baba watoto. Na mifupa."

Kwenye mifupa ndipo alipovaa shati.

Ukumbi ulikuwa umepangwa meza za kukunja, zimetandikwa vitambaa vyeusi. Vipande vya vyungu vililala juu ya pamba kama wagonjwa. Mzee mmoja mwenye miwani alikuwa akigonga jiwe kwa jiwe, kipande chembamba kikaruka, akawakaribisha watu wajaribu kukatia ngozi. Pigo Moja akakipokea kwa dharau, akakipitisha kwenye ngozi, ikaachana kama siagi. Akakipitisha tena polepole. Akakiangalia ukingoni, jicho moja amelifumba.

"Kinakata kuliko kisu changu cha pili," akatangaza. "Cha pili, nimesema. Si cha kwanza."

Kinyozi wa jirani na bucha, ambaye hakuna mkusanyiko anaoukosa, alikuwa nyuma yake. "Kaka, kakope hicho utupunguzie bei."

"Wewe nyoa vichwa, niachie shingo."

Lakini alikuwa ameshaingiwa na mdudu. Watu hawa walikata wapi kwanza? Walianzia shingoni au kwenye goti? Nani aliwafundisha? Akaenda meza hadi meza akiuliza maswali mpaka mkewe akaona haya. Mwisho akafika meza ya mifupa.

Hapo alikaa binti mmoja mtaalamu, mpole, kucha zake fupi na vidole vina vumbi. Mifupa ilitoka kwenye pango la mlima ule unaoonekana ukitoka nje ya ukumbi. Mingine ilikuwa na majina: swala, ndege, kobe. Mbele kabisa kulikuwa na sinia la bati lenye vipande vidogo vya hudhurungi, thelathini na kimoja, na kikaratasi kimeegemezwa: Mbuzi au kondoo? Bado hatujui.

Pigo Moja alikisoma mara mbili, midomo ikitembea.

"Binti, hiki kikaratasi ni mzaha?"

"Hapana, mzee wangu. Hao wawili mifupa yao inafanana sana. Mfupa ukiwa mzima tunaupima, tunajua. Hivi ni vincha tu, vipande vya ncha za mifupa iliyovunjika, havipimiki. Mimi sipendi kudanganya watu, kwa hiyo nimeandika hatujui."

"Naruhusiwa kushika?"

"Shika, ndiyo maana tumeviweka."

Mwenye akili angeshika kimoja, akasema "ajabu," akaenda zake. Lakini wewe mpe fundi cherehani kitambaa uone kama hatakisugua. Pigo Moja alichukua kincha cha kwanza, akapitisha dole gumba kwenye kile kichwa cha mfupa wa chini ya goti, pale penye matuta mawili. Akakiweka kushoto. Akachukua cha pili. Kulia. Hakuwa anafikiri. Mkono ulikuwa unafanya kilichofanywa na mkono kila alfajiri kwa miaka tisa, wakati wa kutenga kipi kitundikwe mbele na kipi nyuma. Kushoto, kulia, kulia, kushoto. Alipoinua macho, sinia lilikuwa na mafungu mawili, na binti alikuwa amesimama.

"Mzee, hili fungu ni nini na lile ni nini?"

"Hawa mbuzi," akasema, "hawa kondoo." Na hapohapo akahisi mkewe amemfinya ubavuni.

Binti hakuona kufinywa. Aliinamia vile vincha. Kila kimoja kilikuwa na namba ya wino ndogo kama mguu wa sisimizi. Akageuza kimoja, akageuza kingine, akafungua daftari, akarudi kwenye mifupa.

"Nani alikwambia maana ya hizi namba?"

"Namba zipi? Miwani yangu iko bucha."

"Hawa uliosema mbuzi, kumi na wawili, wote wametoka mdomoni mwa pango. Wote! Na kondoo kumi na tisa wametoka ndani, kwenye jiko. Usingeweza kujua hilo. Sisi wenyewe hatukuliona, kwa sababu tuliwachanganya kwenye fungu moja." Alikuwa amesahau kupumua. "Umejuaje?"

Watu wakaanza kusogea. Pigo Moja akageuka kidogo. Kulia kwake kulikuwa na kinyozi, ambaye jana yake alinunua miguu minne ya supu. Nyuma ya kinyozi kulikuwa na wateja wake kama wanane, wamevaa nguo za Jumapili. Na mbele ya wote, mkoba umekumbatiwa, mama mkwe.

Akieleza, kila mtu ukumbini ataondoka na elimu ya dole gumba. Kesho wataanza kushika. Kibao, miaka tisa, heshima ya ukweni, vyote vitakwenda na maji. Za mwizi arobaini, na yeye alikuwa anajihesabia ya arobaini kwa mdomo wake.

"Nimebahatisha tu, binti."

Mkewe akashusha pumzi.

Binti akamtazama kitambo. Hakukasirika, uso wake ulizimika tu, kama taa inavyozimwa na mtu mwenye adabu. "Basi sawa, mzee. Cha kubahatisha siwezi kukiandika. Asante kwa kutuchangamsha." Akashika ukingo wa sinia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaanza kusukuma mafungu yarudi pamoja.

Pigo Moja aliona kincha kimoja cha mbuzi kikivuka kwenda kwa kondoo. Cha pili kikafuata. Sasa mnisikilize vizuri: mtu huyu alikwisha kuwatazama watu wakila kondoo wakisifia mbuzi, na hakupepesa jicho. Lakini kitu alichokuwa amekitenga kwa mkono wake, sawasawa, kichanganywe tena mbele yake? Na lile swali, kwa nini mbuzi mlangoni na kondoo jikoni, lirudi gizani miaka elfu tatu mingine?

"Usichanganye!" akapiga kelele. Nusu ya ukumbi ikageuka. "Usichanganye, binti, lete hapa. Lete kidole. Pita hapa. Unasikia hili tuta? Kwa mbuzi limesimama, na pembeni pamebonyea, kama shavu la mtu asiye na magego. Sasa shika huyu. Tuta lipo, lakini pembeni pamejaa. Huyo kondoo. Usitazame, jicho linadanganya. Shika tu."

Binti akafumba macho, akashika. Akashika kingine. "Kondoo," akasema. "Huyu... mbuzi?"

"Mbuzi. Umeona? Dakika moja tu, wala hujalipa ada."

Kinyozi alikuwa ameanza kukunja vidole. Alikuwa anajumlisha.

"Ngoja kwanza, kaka. Ukishika tu unajua?"

"Najua."

"Hata ukiwa umepikwa?"

"Hata ukiwa umepikwa."

"Basi nikikimbia nyumbani nikakuletea mifupa ya supu yangu ya jana..."

Yule mzee wa mawe akaacha kugonga. Mkewe Pigo Moja alikuwa anasoma dari.

"Usijichoshe kukimbia," Pigo Moja akasema. "Ilikuwa kondoo."

"Na wiki iliyopita?"

"Kondoo."

"Ya kipaimara cha mwanangu?"

"Hiyo nusu kwa nusu. Nilikuonea huruma."

Ikapita minong'ono, mtu akacheka, mtu akatukana kidogo. Kisha watu wakaachia njia, kwa sababu mama mkwe alikuwa anasogea. Alisimama mbele ya sinia. Akamtazama mkwewe kutoka kwenye viatu kwenda juu.

"Na yangu, mkwe?"

Hapo ndipo Pigo Moja alipotamani pango lile limmeze. "Na yako pia, mama. Nisamehe."

Mama mkwe alirekebisha kilemba chake ambacho hakikuwa na kasoro. Watu wanane wa mtaa, wote walishawahi kuhubiriwa juu ya ulimi usiodanganyika, wakangoja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Mtu mzima mwenzako humuumbui." Akawageukia wengine. "Mnashangaa nini? Mlidhani ulimi wangu umelala?"

Kinyozi akarudi nyuma hatua moja. Kuna vinywa hata yeye havinyoi. Pigo Moja akainamisha kichwa kwa heshima; alikuwa na hakika kabisa kuwa mama hakujua lolote, na mama alikuwa na hakika kuwa yeye anajua hivyo, na kwa mara ya kwanza tangu amuoe bintiye, hao wawili wakaelewana.

"Sasa binti," akasema, amerudi mezani kama hakuna kilichotokea, "kwa nini mbuzi mlangoni?"

"Sijui, mzee wangu. Mpaka leo sikujua hata kwamba kuna swali."

"Mimi najua. Mlangoni hukaa wageni. Mgeni unampa mbuzi, umwonyeshe una kitu. Ndani mnakula kondoo, mnanyamaza."

Binti akacheka. "Inawezekana. Au walifuga mbuzi miaka fulani, na kondoo miaka mingine, na walihamisha jiko. Naandika yote mawili."

"Andika langu juu."

Akaliandika juu, kweli.

Wiki iliyofuata ilikuwa chungu. Watu walikuja bucha, wakaomba mguu, wakapitisha dole gumba wakiwa wamefumba macho kama wanaosali, wakarudisha, wakaenda bucha la ng'ambo. Siku ya nne wakaanza kurudi mmoja mmoja. Kumbe walishika na kule pia, na kule hakukuwa na mbuzi hata wa dawa. "Afadhali wewe umesema," kinyozi akamwambia, akitupa miguu minne juu ya gogo. "Hao kondoo. Nifungie."

Jumamosi ilipofika, Pigo Moja akaamua kumaliza deni la adabu. Aliamkia mnadani, akagombana na watu wawili, akapata beberu mchanga, halisi, wa kuapia. Akachagua kilo mbili za paja, akamtuma mkewe ukweni nazo.

Mkewe alirudi mchana na nyama yote, imepikwa, imemegwa mara moja tu.

"Mama anasema hii ina harufu. Tena ngumu."

"Ngumu? Huyo ndiye mbuzi! Mbuzi mwenyewe!"

"Anasema kama umeishiwa mbuzi wa kawaida, wale wake wa siku zote, ungesema tu. Angekuelewa."

Pigo Moja akaegemea gogo, akacheka mpaka shoka likaanguka. "Mwambie aje achague mwenyewe, ndoano zote ziko wazi."

"Hathubutu," mkewe akasema, akivuta kiti. "Akija tu, watu watamwambia ashike mfupa."

Pigo Moja akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akashusha paja la kondoo, akalifunga vizuri kwenye karatasi. Juu yake hakuandika kitu.