Sindano Moja na Mkono wa Mama

Hospitali nzima ilimwita Sindano Moja, na jina hilo alilivaa kwa raha kuliko koti lake jeupe. Alianza kazi wodini akitandika vitanda, akarudi shule watoto wake wakiwa bado wananyonya, mpaka akawa muuguzi wa kupima wagonjwa na kuwaandikia dawa mwenyewe. Asubuhi alikuwa kliniki, mchana akifundisha chuo cha wauguzi nyuma ya hospitali. Lakini sifa iliyomlevya ni moja: mshipa uliowashinda wenzake, yeye aliupata kwa mchomo wa kwanza.

Mama yake mzazi hakukubali sindano ya mtu mwingine. Daktari mkuu mwenyewe aliwahi kufukuzwa. "Nina fundi wangu," mama alisema, na binti akavimba kichwa.

Siku mama alipolazwa, ameishiwa maji mwilini kwa kuharisha, fundi alikuwa darasani. Alipofika wodini mbio, alikuta dripu inashuka vizuri, sista wa wodi amesimama pembeni, na kando ya kitanda mwanafunzi wake wa mwaka wa mwisho, binti waliyemwita Kimya.

"Mwanangu, huyu mjukuu ulimficha wapi?" mama akauliza. "Hata sikusikia sindano!"

Mjukuu! Wivu ulimpanda Sindano Moja, wivu mtupu usio na haya, tena wa kumwonea mtoto aliyemfundisha mwenyewe kuvaa glavu. Tuseme ukweli: angekuta mkono wa mama umevimba, angefurahi.

Haukuvimba. Akautazama, akautazama tena, mpaka akapata kisingizio.

"Umechoma karibu na kiwiko. Akikunja mkono, dripu itasimama. Naitoa."

"Sawa, Sista," Kimya akajibu.

"Mbona inakwenda vizuri?" mama akasema.

"Mama, niachie kazi yangu."

Akaitoa. Akafunga mpira mkono wa pili, akachoma, akakosa. Akachoma tena, akakosa tena. Mama akauma midomo na kugeukia ukutani. Sista wa wodi akaanza kukunja shuka lililokwisha kukunjwa.

"Mpe mjukuu wangu," mama akasema taratibu.

Kimya akavuta kigoda, akaketi. Akaushika mkono wa bibi, akaupasha joto kwa viganja vyake. "Bibi, ukiwa tayari niambie. Usiponiambia, sichomi."

Kisha akangoja, bila hata kutazama sindano. Mama akalalamikia goti lake, akamsema jirani yake, akavuta pumzi. "Haya, mjukuu wangu."

Mchomo mmoja tu.

"Hayo ya kungoja umeyatoa wapi?" Sindano Moja akauliza.

"Kwako, Sista. Somo la kwanza kabisa. Ulisema ruhusa ni ya mgonjwa."

Alisema kweli. Kila mwaka Sindano Moja aliwaambia hivyo wanafunzi, nao waliandika. Yeye mwenyewe hakukumbuka mara ya mwisho alipomngoja mgonjwa. Akamtazama binti yule mpole, na wivu haukupungua hata chembe. Ulizidi, maana sasa alijua anaonea wivu kitu gani.

Akachukua pamba, akainama, akabana pale alipomtoboa mama yake.

"Panauma, mama?"

"Panauma sana," mama akasema. "Afadhali leo umeuliza."